Namba Tasa Iliyozaa

Chukua bao la kete, lile la mashimo 32 ambalo wazee hulichezea barazani. Ondoa kete zote, kisha yape mashimo thamani. Shimo la kwanza lihesabiwe moja, la pili mbili, la tatu nne, la nne nane, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Sasa weka kete moja moja katika mashimo 31, na la mwisho uliache wazi. Umetumia kete 31 tu, hata nusu ya kete 64 za mchezo hujafika. Lakini jumlisha thamani ya ulichopanda, utapata 2,147,483,647: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Namba hii ndiyo ninayotaka kuitetea leo. Haigawanyiki. Ijaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tatu, daima kutabaki kitu. Vigawo vyake ni viwili tu: moja, na yenyewe. Wanahisabati huiandika kwa ufupi kuwa ni mbili kwa kipeo cha 31, kutoa moja.

Shuleni tulifundishwa kwamba namba za aina hii zinaitwa namba tasa. Neno lenyewe ni zito. Mitaani limewaumiza wengi, na sidhani kama kuna mtu anayelitamka bila kufikiri. Vitabu vya hisabati vimelichukua kwa sababu namba hizi hazina vigawo vya kuhesabu, kama nyumba isiyo na sauti za watoto. Lakini mtu akizitazama kwa makini ataona jina limekaa kinyume. Namba 12 ni mbili mara mbili mara tatu. Namba 2,147,483,646, jirani wa chini wa namba yetu, ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Kila namba kuanzia mbili, ikiwa si tasa, imezaliwa na namba tasa, na ukoo wake ni mmoja tu, hauwezi kuwa na mwingine. Zile tulizoziita tasa ndizo wazazi wa zote.

Rudi kwenye bao uone kwa nini 31 ni idadi ya pekee. Ukijaza mashimo sita, unaweza kuyapanga mawili mawili: moja na mbili, nne na nane, kumi na sita na thelathini na mbili. Jumla za makundi hayo ni 3, 12 na 48, na zote zinagawanyika kwa tatu. Kwa hiyo jumla kuu, 63, nayo inagawanyika kwa tatu. Hali itakuwa hiyo hiyo kila unapoweza kuyapanga mashimo katika makundi yaliyo sawa. Mashimo 31 hayapangiki hivyo, maana 31 yenyewe ni tasa. Hilo ni sharti la lazima, ila halitoshi. Mashimo 11 hayapangiki, lakini jumla yake, 2,047, ni 23 mara 89. Mashimo 23 hayapangiki, lakini jumla yake, 8,388,607, ni 47 mara 178,481. Ndiyo maana watu walihangaika na 31 kwa karne moja na nusu na zaidi.

Mwaka 1603 Mtaliano Pietro Cataldi alichapisha madai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Alikosea vitatu kati ya hivyo vinne. Kwa 31 alipatia, ingawa uthibitisho hakuwa nao. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitoa orodha yake mwenyewe, 31 ikiwamo, na ingawa nayo ilikuwa na makosa, namba tasa za namna hii zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Kudai ni rahisi. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, na alithibitisha akiwa karibu kipofu kabisa.

Ni mwaka 1772, mjini St Petersburg. Euler, Mswisi aliyezaliwa Basel mwaka 1707, alikuwa na miaka 65. Jicho moja lilikuwa limekufa zamani, na la pili lilikuwa likizimika kwa mtoto wa jicho. Mwaka mmoja nyuma moto uliteketeza nyumba yake. Mtu wa kawaida angepumzika. Yeye aliendelea kupiga hesabu kichwani na kuwatamkia wengine waandike, na katika barua kwa mwenzake wa ukoo wa Bernoulli akatangaza kwamba 2,147,483,647 ni tasa.

Alijuaje? Hapa ndipo uzuri ulipo, naomba msomaji anivumilie. Ili kuhakikisha namba ni tasa, unaijaribu kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Kuzigawanya zote kwa mkono ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Euler aliuliza swali tofauti. Kabla sijagawanya, kigawo chenyewe, kama kipo, lazima kiwe na sura gani?

Akaonyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize moja kikigawanywa kwa 62, na kikigawanywa kwa nane lazima kibakize moja au saba. Yaunganishe masharti hayo mawili: kikigawanywa kwa 248, kitabakiza moja au 63. Basi. Namba zote zisizo na sura hiyo zikaondoka mlangoni bila kuguswa. Zikabaki chini ya kikomo namba zisizofika mia nne za kufikiria, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo nazo zinaondoka. Ya kwanza ya kujaribu ni 311, inayofuata 1,303, kisha 1,489. Kazi iliyokuwa bahari ikawa kisima. Euler hakuwa na macho ya kuona karatasi, lakini alijua pa kutazama.

Na namba hii ilikuja na zawadi. Wagiriki wa kale walipenda namba walizoziita kamilifu, ambazo vigawo vyake, ukiiacha namba yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. Sita ni 1 + 2 + 3. Ishirini na nane ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya aina ya bao letu inazaa namba kamilifu moja, na Euler akathibitisha kwamba namba kamilifu zote za shufwa hupatikana kwa njia hiyo. Yetu ni ya nane katika ukoo wa Mersenne, na imezaa namba kamilifu ya nane: 2,305,843,008,139,952,128.

Sasa tufike kwenye hukumu iliyonifanya niandike makala haya. Mwaka 1811, Mwingereza Peter Barlow alitoa kitabu cha nadharia ya namba. Alipofika kwenye namba kamilifu hiyo ya nane, alitabiri kwamba hakuna atakayepata kubwa kuliko hiyo, kwa sababu aliliona jambo lote kuwa la udadisi usio na manufaa. Barlow hakuwa mjinga. Alifundisha katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, na majedwali yake ya hesabu yalitumiwa na mafundi na wahandisi kwa zaidi ya miaka mia moja. Alikuwa mtu wa manufaa hasa, na ndiyo maana kosa lake linatuhusu. Hakukosea kuhesabu. Alikosea kupima thamani ya kitu kwa faida iliyoonekana siku hiyo.

Utabiri wake ulivunjika mwaka 1876, Mfaransa Édouard Lucas alipothibitisha kwamba mbili kwa kipeo cha 127, kutoa moja, ni tasa: namba ya tarakimu 39. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, kasisi wa kijijini nchini Urusi, akapata ya kipeo cha 61. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana sasa, mbili kwa kipeo cha 136,279,841, kutoa moja. Ina tarakimu 41,024,320, na ilipatikana kupitia mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 1996. Watu walijisumbua, tena kwa mapenzi.

Hata hivyo, pigo kubwa kwa Barlow lilitoka kwa namba yenyewe aliyoidharau.

Ndani ya kompyuta namba huandikwa kama kwenye bao letu: kila shimo lina kete au halina. Kwa miongo mingi kipimo cha kawaida kilikuwa mashimo 32, yaani biti 32. Mashimo 31 hubeba namba, na la 32 hubeba alama ya chanya au hasi. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa ni ile yenye kete katika mashimo yote 31: 2,147,483,647. Ongeza moja tu. Kete zote 31 zinaondoka, na moja inaingia shimo la 32. Kompyuta inasoma hasi 2,147,483,648.

Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba wimbo wa Gangnam Style wa Mkorea Psy ulikuwa umetazamwa kupita kikomo hicho, ikabidi kihesabio kipanuliwe. Zito zaidi ni saa. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa. Ile iliyotengewa biti 32 itajaza mashimo yake Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde itakayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utajiona uko tarehe 13 Desemba 1901. Kompyuta mpya zimehamia biti 64, lakini vifaa vya zamani bado vinafanya kazi viwandani na maofisini, na wanaovisimamia wanapaswa kuvikagua mapema.

Nisiongeze chumvi. Kikomo hicho kingekuwepo hata kama namba hii isingekuwa tasa, kwa sababu kinatokana na idadi ya mashimo. Utasa wake umeleta faida nyingine, na faida hiyo naiona kuwa kubwa zaidi.

Sisi wa Kiswahili tunajua hesabu ya saa tangu utotoni. Saa kumi ukiongeza saa nne, unapata saa mbili, na hakuna anayeshangaa, maana hesabu imezunguka. Sasa tengeneza saa yenye namba saba, sifuri hadi sita. Anza na moja, uzidishe kwa tatu kila mara. Utapata 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha unarudi kwenye moja. Umepita kila mlango isipokuwa sifuri, bila kurudia hata mmoja. Jaribu hivyo kwenye saa yetu ya 12. Utapata 1, 3, 9, 3, 9, na hutoki tena. Kumi na mbili ina vigawo, na vigawo hivyo vimekuwa mtego. Saba ni tasa, kwa hiyo njia iko wazi.

Mmarekani D. H. Lehmer, yule yule aliyekamilisha mbinu ya Lucas ya kupima namba za Mersenne, alipendekeza kutumia mizunguko ya aina hii kutengeneza namba zinazoonekana kama za bahati nasibu. Namba kama hizo zinahitajika sana: kuiga foleni, kuiga mwendo wa chembe, kuiga jinsi ugonjwa unavyoenea kabla haujaenea. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kipimo cha chini ambacho kila kompyuta ingepaswa kukifikia. Saa waliyoichagua ina namba 2,147,483,647, na kizidishio ni 16,807, yaani saba kwa kipeo cha tano. Anza na moja. Inafuata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Utapita namba 2,147,483,646, zote bila kubakiza, kabla hujairudia hata moja. Lugha ya kompyuta ya C++, tangu toleo la mwaka 2011, ina mzunguko huu ndani yake, na kanuni inaagiza kwamba ukianza na moja, namba ya elfu kumi lazima iwe 1,043,618,065.

Kwa nini ikachaguliwa namba hii? Kwa sababu inaenea katika mashimo 31 bila kuacha nafasi, na pia ni tasa. Kwa 29 bahati hiyo haipo, kwani mbili kwa kipeo cha 29, kutoa moja, ni 233 × 1,103 × 2,089. Kwa 32 haipo vilevile. Kile alichokithibitisha mzee kipofu mwaka 1772, bila umeme wala mashine, kikawa kimewekwa akiba kwa miaka mia mbili kikiwasubiri wenye mashine.

Kwa siri za benki mzunguko huu haufai, maana anayeijua namba moja anazijua zote zinazofuata. Kazi hiyo hufanywa na namba tasa kubwa zaidi. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kufunga ujumbe kwa kuzidisha namba mbili tasa, kila moja ikiwa na mamia ya tarakimu. Kuzizidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuzitenganisha hakuna anayejua njia ya haraka kwa kompyuta tulizonazo. Msingi wa njia hiyo ni kanuni ya mizunguko ambayo Euler aliithibitisha katika karne ya 18, bila kuwaza benki wala simu.

Sasa niseme lililo moyoni. Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alinijia siku moja na daftari. "Shikamoo mjomba. Hivi hizi namba tasa zitanisaidia nini maishani?" Nilikuwa na haraka. Nikamjibu kwamba zitamsaidia kufaulu mtihani. Akaitikia "haya", akafunga daftari. Jibu lile limeniuma tangu siku hiyo, kwa sababu lilikuwa jibu la Barlow. Nilimfundisha kwamba elimu isiyo na malipo ya karibu haina maana.

Ndivyo tunavyowafundisha wengi. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yanayoangusha watahiniwa wengi zaidi kidato cha nne. Kila matokeo yakitoka tunalaumu walimu, tunalaumu watoto, tunalaumu vitabu. Mara chache tunajiuliza kama mtoto aliwahi hata siku moja kuonjeshwa raha ya kutafuta jambo kwa sababu tu linavutia. Anapewa kanuni, anaikariri, anaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, anaisahau.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya watu wenye nia njema. Nchi yenye madarasa yaliyojaa na zahanati zenye upungufu wa dawa ina haki ya kuuliza kila shilingi inaleta nini. Nami nauliza hivyo hivyo barabara inapojengwa. Lakini udadisi wa namba haushindani na dawa. Hauhitaji maabara wala mashine kutoka ng'ambo. Euler alihitaji kumbukumbu na mtu wa kumwandikia. Pervushin alikuwa kijijini, na kazi yake ilikuwa ya kanisa. Tunachokosa hakinunuliwi: ni subira ya kumwacha mtoto aulize, na heshima kwa swali ambalo jibu lake bado halina soko.

Wala hatuanzi mikono mitupu. Lugha yetu ina shufwa na witiri, ina kigawo na kigawe, ina saa inayozunguka, na ina bao lenye mashimo 32 kamili. Mwalimu anayetaka kueleza jinsi kompyuta inavyoandika namba hana haja ya kusubiri kompyuta ifike shuleni. Bao linatosha, na ukilikosa, chimba mashimo ardhini na uokote kokoto.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na walimu jambo moja. Mwisho wa juma hili lipange bao, mwite mtoto, umweleze thamani za mashimo kama nilivyoanza. Mwambie ajaze mawili, kisha matatu, kisha matano, kisha saba, na kila mara atafute kama jumla inagawanyika. Haitagawanyika, na ataanza kuamini kwamba amegundua kanuni. Kisha mwambie ajaze kumi na moja. Jibu umelisoma hapo juu, yeye hajalisoma. Usimwambie. Kaa naye, hata kama jua litazama, mpaka alipate mwenyewe.